Slaida ya vishikio viwili kwenye chati: noUiSlider, d3-brush au input mbili?

mshona_kodi: Wakuu, nina chati ya mvua ya kila mwezi, 1981 hadi 2023, yaani nukta 516. Mtu avute vishikio viwili, achague kipindi, chati ijichore upya. Nataka komponenti moja niitumie kwenye kurasa tatu. Nimejaribu noUiSlider (laibrari ya slaida) na d3-brush (brashi ya kuchagua sehemu ya chati kwa kuvuta), bado sijaamua. Watumiaji karibu wote wako kwenye simu, na bando ni lao.

baba_chati: Umechora na nini? Kama ni laibrari ya chati ya ECharts acha kuhangaika, weka dataZoom yake ya aina ya slider umemaliza. Plotly nayo ina rangeslider yake, ila plotly.js kamili inapita MB 3 kabla ya kubanwa. Hapo bando la watu litalia.

mshona_kodi: SVG na D3, laibrari ya JavaScript ya kuchora data, mkuu.

nukta_nukta: Basi d3-brush, tena unayo tayari. Unaiweka juu ya chati ndogo, mtu anaona miaka ya ukame kabla hajagusa kitu. Slaida tupu haimwonyeshi chochote. Brashi inakupa pikseli, wewe unazigeuza kuwa tarehe kwa scale.invert ya D3, basi.

dada_kibodi: Brashi inapendeza, lakini hebu iendeshe kwa Tab na mishale. Haiendi. Ukitaka kibodi ujenge mwenyewe: role="slider" kwa kila kishikio, aria-valuenow (thamani inayosomwa na programu ya kusoma skrini), vitufe vya Home na End, zote hizo. noUiSlider inakuja nazo, na haihitaji laibrari nyingine kama jQuery. Ila angalia: ukihifadhi namba ya mwezi, programu ya kusoma skrini itamtamkia mtu "264". Tumia ariaFormat iseme "Januari 2003".

mzee_wa_vanilla: Laibrari nzima kwa kazi ya input mbili? Zilaze input za HTML za type="range" mbili, moja juu ya nyingine, kwenye CSS weka pointer-events: none kwenye input (isipokee mguso), auto kwenye kishikio tu. ::-webkit-slider-thumb na ::-moz-range-thumb, majina ya kishikio kwa Chrome na kwa Firefox, ziandikie kanuni mbili tofauti. Ukizitenganisha kwa koma tu, Chrome inaipuuza kanuni nzima.

mshona_kodi: Niliijaribu, mzee. Vishikio vikikutana mwisho wa kulia, cha juu ni cha max. Hakirudi kushoto kwa sababu min imekizuia, na cha min kimefunikwa, hakishikiki. Nimevuta mpaka kidole kikachoka.

mzee_wa_vanilla: Min ikipita nusu, ipandishie z-index, ikae juu ya max. Mistari miwili.

baba_chati: Miwili leo 😂 kesho ya kugusa, keshokutwa ya Safari.

dada_kibodi: Yoyote utakayochagua, komponenti isijue habari za mvua. Ipokee min, max, hatua na thamani mbili, itoe tukio. Kugeuza namba kuwa tarehe kubaki nje. Ukikosea hapo, ukurasa wa pili tu utaanza kunakili kodi ya programu. Halafu tenganisha matukio: kwenye "slide" chora upya, ukipitisha kwenye requestAnimationFrame ili mchoro uendane na fremu za skrini; lakini kama data inatoka kwa seva, subiri "change", mtu akishaachia kidole.

mshona_kodi: Nimeweka noUiSlider, na juu yake chati ndogo ya nukta_nukta, ya kutazama tu. Inakwenda vizuri kwenye kompyuta. Kwenye simu ya upana wa pikseli 360, slaida inabaki na kama 320. Miezi 516 humo ndani! Pikseli moja ni mwezi na nusu, kidole hakiwezi kulenga Machi.

nukta_nukta: Hapo hata brashi ingekwama, nakiri.

dada_kibodi: Kwenye simu hatua iwe mwaka, na chini weka sehemu za kuchagua mwaka na mwezi bila kuvuta. WCAG 2.2, mwongozo wa kufanya tovuti zitumiwe na watu wenye ulemavu, nayo inataka kuwe na njia isiyo ya kuvuta, na eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24.

mshona_kodi: Nimeweka select za kawaida za HTML, zinaisogeza slaida nayo inazisogeza. Mzee, usinune, hizo hazina laibrari.