Ng'ombe wawili, ekari moja ya majani: nakosea wapi?

Mama Rungwe: Wakuu, habari za mifugo. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, nawalisha majani tu, pumba bei haishikiki. Juzi alfajiri niliwafungulia kipande chenye lusini (malisho ya jamii ya kunde), umande bado upo. Saa tatu mmoja ubavu wa kushoto umejaa gesi, umekaza kama ngoma! Jirani akamnywesha mafuta ya kula, akapona. Sasa naogopa hata kuwafungulia. Na kiangazi ndicho hicho, mabingobingo yangu (majani ya tembo) yamekomaa, wanachagua majani na kuacha mabua.

Mzee wa Zizi: Pole, mama. Lusini haina kosa, kosa ni njaa na umande. Wape kwanza majani makavu washibe kidogo, ngoja jua lipande, ndipo uwafungulie, tena kwa muda mfupi. Na mafuta wanyweshwe taratibu, kichwa kisiinuliwe sana, yasije yakaingia mapafuni.

Mabingobingo usiyasubiri yawe miwa. Mimi nakata yakinifika kiunoni, nabakiza kisiki cha kiganja kimoja, samadi inarudi palepale. Ya ziada naanika masika yakiisha, nashindilia kwenye sanduku la mbao lisilo na kitako, nafunga kamba yawe marobota ya kiangazi. Mwaka wa kwanza nilifunga mabichi. Yakaota ukungu, nikayatupa yote.

Mama Rungwe: Shikamoo mzee, na asante. Sanduku lina vipimo gani?

Mzee wa Zizi: Marahaba. Langu sentimita 75 kwa 50, kina 40. Fundi alitumia mabanzi tu.