Skopu yangu haikuwa mbovu! Mafundi, jifunzeni triga kabla ya kutoza watu pesa

Wadau, nina hasira na leo sinyamazi.

Mimi natengeneza inveta za sola hapa Amu, nyingi ni za wenye friza za samaki. Mwezi uliopita skopu yangu (oskiloskopu, chombo kinachochora umeme kama wimbi kwenye kioo), ya zamani ya bomba la picha, chaneli mbili, ilianza kuonyesha mawimbi yanayokimbia tu, hayatulii. Nikaifunga blanketi, boti hadi Mokowe, basi hadi Malindi, kwa fundi anayesifiwa na kila mtu. Baada ya siku nne ananipigia: "Bomba limekufa. Ukiweka NORM kioo giza tupu." (NORM na AUTO ni namna mbili za kuchora, unachagua kwa swichi.) Akanitoza 3,500 za kuipima, kisha akataka kuinunua kwa bei ya vyuma chakavu!

Nimerudi nayo. Jana usiku nikakaa nayo taratibu, swichi baada ya swichi. Swichi ya chanzo cha triga, ile ishara inayoambia skopu ianze kuchora, ilikuwa kwenye EXT, yaani ishara itoke nje. Kwenye tundu la EXT hakuna waya. Nimeirudisha CH1, chaneli ya kwanza, wimbi likatulia tuli!

Hivi mtu anajiitaje fundi bila kujua hili? Kinachochora kwenye kioo ni nukta moja inayokimbia kushoto kwenda kulia, tena na tena. Triga ndiyo inayoiruhusu kuondoka. Ukiweka kiwango cha triga volti 2, mwelekeo wa kupanda, nukta huondoka pale tu wimbi linapopita volti 2 likipanda. Kila mchoro unalala juu ya uliotangulia, na jicho linaona wimbi limetulia. Inveta zetu ni 50 Hz, wimbi moja milisekunde 20. Ukiweka milisekunde 5 kwa kila mraba wa kioo, miraba 10 inabeba mawimbi mawili na nusu. Bila triga mchoro mmoja unaanzia kileleni, unaofuata bondeni, ndiyo maana picha inakimbia.

Na hilo giza lake la NORM? NORM inangoja triga. Isipokuja, nukta haiondoki, kioo kinabaki cheusi. AUTO nayo ikichoka kungoja inajichorea yenyewe, ndiyo maana kule alikuwa anaona mawimbi. Bomba lililokufa lingechora vipi kwenye AUTO? Dalili zote mbili zilikuwa mbele ya macho yake, na zote zinataja ugonjwa mmoja: triga haifiki.

Si jambo geni hili. Kampuni ya Tektronix iliuza skopu ya 511 yenye mchoro unaongoja triga tangu 1947. Lakini chuoni tuliambiwa "weka AUTO, endelea", na hata nobu ya kiwango hatukuigusa. Walimu, hapo mmetukosea sana.

Ukiambiwa skopu yako imekufa kwa sababu NORM ni giza, usilipe. Angalia chanzo, kisha zungusha kiwango polepole kiingie ndani ya urefu wa wimbi.

Huyo fundi nimempigia mara tatu tangu asubuhi. Hashiki simu. Nataka 3,500 yangu.