Linete (darubini ya bunduki) gani kwa kuwindia mbali? Minaomba shauri

Bakubwa jambo yenu, niko hapa Lubumbashi, komini Kenya. Muramu wangu anaishi Namibia, ameniita tuende kuwinda mu ferme moja ya kule, permi yeye njo anatengeneza, bunduki ya .308 iko tayari ila linete ilishaingia ukungu ndani, basi anasema nichague ingine tulipe nusu kwa nusu. Kule ni mbuga wazi, nyama unaweza kuikuta mita 300, miye nilizoea miombo yetu kwenye hauoni hata mita 100!

Niko katikati ya linete mbili: 3-9x40 (inavuta mara 3 mpaka 9, kioo ya mbele milimita 40) na 4-16x50. Ya pili inavuta sana lakini ni nzito, tena jua ikiwaka ukivuta mpaka mwisho joto inachezesha picha, sasa ile 16 ni ya nini? Halafu MOA ao miliradi (vipimo viwili vya pembe vya kurekebishia linete)? Hesabu ya miliradi njo inaniingia, kliki moja ya 0.1 inasogeza risasi sentimita 1 kwa mita 100, kwa mita 300 inakuwa 3, bas. Muramu yeye anakatala, anataka MOA. Na alama za ndani, bora zile zinakuwa kubwa pamoja na zumu ao zenye kubakia vilevile? Wenye kuzitumia munijibu, aksanti.