Nikishusha gia, gari inapiga kichwa

Wakuu, nikitoka gia ya 4 kwenda ya 3, nikiachia klachi tu gari inashtuka kama mbuzi aliyevutwa kamba. Mama mkwe siku hizi anashika dashibodi mapema. Nakosea wapi?

— Injini inazunguka polepole kuliko gia mpya inavyotaka. Ukiwa mizunguko 2,000 kwa dakika kwenye ya 4, ya 3 inadai kama 2,700. Klachi ikiwa bado chini, gusa mafuta, sindano ya mizunguko ipande, ndipo uachie.

— Nimejaribu. Imeunguruma, ikaruka mbele!

— Umezidisha, mkuu. Mguso tu. Na anza kupunguza mwendo kwa breki, si kwa gia. Pedi za breki ni nafuu kuliko klachi.

— Leo mara 3 kati ya 5 imeingia laini. Mama mkwe bado kashika dashibodi.