MREJESHO: mdogo wangu aliyegongwa na gari Mwanakwerekwe

Asalam aleikum, mimi ndo yule nliyeuliza kuhusu mdogo wangu aliyegongwa na gari akiwa na pikipiki yake, watu wa bima wakawa wanamletea karatasi asaini wampe hela ya chapchap na mguu bado una antena (vile vyuma vya nje vya kushikia mfupa). Mlisema asisaini, hakusaini, Mungu awalipe kheri.

Wenzake wa klabu ya mapikipiki wakatupeleka kwa mawakili wanaowasimamia, wallahi wale wanaijua kazi yao. Wakili alitaka PF3 (ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi), ripoti ya trafiki na ule mchoro wa ajali, risiti zote za spitali, na picha ya stika ya bima ya gari, maana aliyeumizwa analipwa na bima ya mtu wa tatu ya lile gari, si hisani ya dereva. Akatusomea ile karatasi mstari kwa mstari, kumbe ni ya kumaliza madai, ukishasaini halafu mguu ukataka opareshen nyengine ni juu yako. Hapo roho iliniuma jamani, kijana kalala kitandani kalewa dawa za maumivu unamletea karatasi ya kizungu, huo ni uonevu.

Baada ya barua ya wakili wamekubali gharama za spitali na kipato alichokosa, fidia ya mguu inasubiri daktari aandike ulemavu utakaobaki. Wakikataa tunakwenda mahkamani, na klabu washasema watakuja wote.