Naomba ushauri: kumaliza mazungumzo ya kazini kwa Kiingereza

Wadau, hamjambo? Niko ofisi ya kusafirisha mizigo hapa Kisumu, na baadhi ya wateja wako London. Kuanza mazungumzo si tatizo, shida ni kutoka. Kwa Kiswahili ukishasema "haya basi" mtu ameelewa; kwa Kiingereza nabaki na "okay, thank you, okay" mpaka mteja akate mwenyewe. Wenzangu hurudia kwanza walichokubaliana, kisha "I'll email you by Friday", wanaaga. Hiyo naiweza. Lakini meneja wetu Mwingereza akiegemea meza yangu kupiga stori za Arsenal, na ripoti inasubiri, nimwambieje bila kuonekana sina adabu? Ni mtu wa rika la baba yangu, jamani. Nyinyi husemaje?