Leva nyeusi zenye mdomo wa sailensa: bado ni bunduki za uwindaji au sheria izitazame upya?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Hii ishu inabishaniwa sana huko Marekani na Australia, na naona watu wanarushiana maneno bila kuitazama bunduki yenyewe inavyofanya kazi, kwa hiyo naileta hapa tuichambue.

Kwa asiyezijua, leva ni zile ambazo chini ya triga kuna kitanzi cha chuma, unakisukuma mbele kwa vidole ganda linaruka nje na nyundo inajikoki, unakirudisha na risasi mpya imeshaingia chemba. Yaani kila risasi inayotoka lazima mkono ufanye kazi kwanza. Mfumo huu upo tangu Henry ya 1860, ukaja kwenye Winchester 1873, halafu John Browning akaunda upya kabisa zile za 1886, 1892 na 1894. Ndiyo maana ukitaja leva watu wanawaza kitako cha mbao na chuma cha bluu iliyokolea, silaha ya mzee wa shambani.

Sasa miaka hii ya karibuni imegeuka. Henry wametoa X Model yenye kitako cha plastiki ngumu nyeusi, Ruger waliinunua Marlin mwaka 2020 pale mwenye nayo, Remington, alipofilisika na baadaye wakaleta Dark Series yenye rangi nyeusi ya Cerakote, matundu ya M-LOK ya kufungia tochi na mkanda, na mdomo wa mtutu uliochongwa meno ya kufungia sailensa (kile kifaa cha kupunguza mlio), halafu Januari 2024 Smith & Wesson nao wakaingia na Model 1854. Zinauzika sana na hapo ndipo kelele zilipoanzia, kwamba hizi ni silaha za vita zilizovaa koti la mwindaji, na sheria zinazipita pembeni.

Na ni kweli sheria zinazipita. Ile ya Marekani ya 1994 ya kuzuia bunduki za mtindo wa kivita, iliyoisha 2004, ilisema wazi haizigusi bunduki zinazokokiwa kwa mkono, iwe kwa boliti, pampu au leva. New York kwa sheria yao ya 2013, mtutu wenye meno ukiwa kwenye nusu otomatiki (inayojipakia yenyewe kila ukifyatua) yenye magazini (kisanduku cha risasi) ya kuchomoa ni kosa, ukiwa kwenye leva hakuna anayekuuliza.

Msimamo wangu nausema mapema: sheria ipime bunduki inavyopakia na inavyofyatua, rangi na plastiki waachane navyo.

Chukua hiyo rangi. Ule ubluu wa zamani wenyewe ni kutu ya kupangwa, chuma kinachemshwa kwenye chumvi kali mpaka uso wake unageuka oksidi nyeusi, unapendeza sana ila ukishika kwa mkono wa jasho ukairudisha kwenye mkoba ina unyevunyevu, kesho unakuta vidoa vyekundu karibu na kilango cha kupakilia, na vikishachimba havitoki bila kusugua hadi chuma cheupe. Cerakote ni rangi ya kauri inapulizwa nyembamba kisha inaokwa kwenye oveni, mvua na jasho haviipati kirahisi. Kitako cha plastiki nacho hakivimbi maji, na mbao zikivimba zinabana mtutu shabaha inahama. Mwindaji wa porini kwenye mvua anahitaji hivyo vitu, sasa hatari inaongezeka wapi hapo?

Meno ya mtutu ndiyo yanawatisha wengi. Mlio wa bunduki ya kuwindia unafika karibu desibeli 160 na sikio linaumizwa na mlio wa ghafla kuanzia 140 hivi. Sailensa inapunguza 20 mpaka 30, kwa hiyo bado ni mlio mkubwa, sio ule mnong'ono wa kwenye sinema. Norway wawindaji wanazitumia kama kitu cha kawaida tu. Marekani zilikuwa na kodi ya dola 200 tangu 1934 na kuanzia Januari 2026 imekuwa sifuri, ila usajili wa serikali kuu umebaki palepale.

Karibuni, ila leteni hoja sio matusi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umeeleza vizuri lakini umeruka jambo. Australia baada ya mauaji ya Port Arthur 1996, watu 35 walikufa, wakazibana nusu otomatiki kwelikweli. Kilichofuata ni nini? Soko likatafuta kile kilichobaki chenye kasi, na kufika 2015 shotgani ya leva ya Adler A110 ikawa gumzo la nchi nzima, yenye uwezo wa risasi saba, na ilikuwa kwenye daraja jepesi kabisa la leseni. Serikali ikasimamisha kuingiza zinazobeba zaidi ya tano, na Desemba 2016 wakakubaliana: mpaka tano zinapanda daraja B, zaidi ya tano zinaenda D pamoja na zile zilizobanwa. Kwa hiyo usiseme leva ni leva tu. Na hawa watengenezaji wanajua wanachofanya, picha za matangazo ni tochi, giza na rangi nyeusi, hakuna paa hata mmoja. Wanauza hisia ya vita halafu mkiulizwa mnasema ni kinga ya kutu.

Mchangiaji wa pili:
Mimi sheria siijui ila leva yenye plastiki ni kuharibu kitu cha watu. Na ile kitufe ya usalama waliyoweka pembeni ya kuzuia isifyatuke nayo ni upuuzi, nyundo ilikuwa inatosha.

Mleta mada:
@Mchangiaji wa pili, mzee wangu ladha yako naiheshimu lakini leva haikuwahi kubaki vilevile. Winchester 94 ilikuwa inatupa maganda juu moja kwa moja, ukifunga darubini juu yake ganda linagonga na kurudi ndani, ikabidi miaka ya 1980 wabadilishe litoke kwa pembeni, na watu wakalalamika hivihivi. Kitufe nacho kina sababu. Kwenye leva ya zamani ukitaka kushusha nyundo wakati risasi ipo chemba unabana triga huku dole gumba linaizuia isianguke kwa nguvu, fanya hivyo vidole vimekufa ganzi kwa baridi na darubini imekaa juu ya nyundo, dole likiteleza imelia. Siwezi kumlaumu aliyeweka kitufe.

@Mchangiaji wa kwanza, asante, huo mfano wa Adler ni mzuri na mimi naona unanisaidia. Waaustralia walihesabu risasi ndani ya magazini, hawakuuliza bunduki ni nyeusi au ya mbao. Unaweza kubishana kama tano ni chache mno lakini kipimo chenyewe ni cha haki, Adler yenye mbao na yenye plastiki zote zinahukumiwa sawa. Kuhusu matangazo nakubaliana nawe asilimia zote, yanakera na yanaita aina ya mnunuzi ambaye mimi singependa awe jirani. Basi dhibitini matangazo. Ukipiga marufuku mtutu wenye meno unamwadhibu anayelinda masikio yake.

Mchangiaji wa tatu:
Mnasahau sisi wa mkono wa kushoto jamani. Boliti nyingi kitasa kiko kulia, inabidi nivushe mkono. Leva haijali, na hicho kitanzi kikubwa ambacho wengine wanakiita cha kimaonyesho ndicho glavu inaingia.

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa mleta mada, tupime kwa utendaji basi. Bond Arms wana ile LVRB, inakaa juu ya sehemu ya chini ya AR-15, ile nusu otomatiki maarufu ya Marekani, na inakula magazini zilezile za AR, za risasi 30. Ni leva hiyo. Unaipeleka wapi?

Mleta mada:
Hapo umenigusa penyewe kaka. Marlin au Smith & Wesson zina bomba chini ya mtutu, ukimaliza risasi zilizomo unasimama unazisukuma moja moja kwa dole gumba kupitia kilango, na huo muda ndio unaofanya leva iwe tofauti kuliko hata ule mkono wa kukoki. LVRB unachomoa unachomeka sekunde mbili unaendelea, kwa hiyo kwa kipimo changu mwenyewe haiwezi kukaa kapu moja na Marlin, iwe nyeusi au iwe ya mbao za thamani. Lakini msikimbilie kuandika "leva zote zenye magazini ya kuchomoa" maana Browning BLR inayo miaka mingi, ya risasi chache tu, ni ya uwindaji kabisa, na sababu ni kwamba kwenye bomba risasi zinapangana ncha kwa kitako, yenye ncha kali inaweza kugonga fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) ya iliyo mbele yake ikalipuka humohumo. Wekeni ukomo kwenye ukubwa wa magazini. Tano au kumi, hapo sasa tubishane.